Kishindo Walichosema Hakisumbui

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa kuwa asubuhi tumekunywa chai meza moja na hali yako nimeiona mwenyewe. Hukumaliza mkate, na simu uliitazama mara nyingi kuliko ulivyonitazama mimi. Ni haki yako, mtu anayesafiri kesho saa nne asubuhi ana mengi kichwani. Sasa hivi mama yako amekupeleka Markham kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi, hamtaachiwa kabla ya kula mara mbili. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Nimevuta kiti hapa jikoni, nimezima redio, nimekaa kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miezi minane.

Mambo ya kula vizuri, ya kupiga simu Jumapili, ya kutompa mtu usiyemjua funguo za nyumba, hayo mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho uwanja wa ndege mpaka uone aibu. Mimi nayaruka. Sina uso wa kukufundisha namna ya kuishi leo.

Naandika kwa Kiswahili, na najua utasoma polepole. Tangu ulipoanza shule mimi nasema Kiswahili na wewe unanijibu Kiingereza, na tumeelewana hivyo bila kugombana. Lakini Kiingereza changu nilikiokota kwenye maghala ya mizigo. Kina "sorry" nyingi, zote za kumpisha mtu mwenye toroli, na hakuna hata moja inayonifaa leo.

Basi nianze na lenyewe, nisizungukezunguke. Yale majibu ya watu wa Malton, wale wa karibu na uwanja wa ndege, yaliyomo kwenye utafiti wako si ya kweli. Walifundishwa la kusema, na aliyewafundisha ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka nikanywa maji. Sasa nimerudi. Yanayofuata ni maelezo ya namna baba yako alivyofika huko. Usiyasome kama utetezi, maana nimejaribu kujitetea miezi yote hii na hata mimi mwenyewe sikushawishika.

Unakumbuka ulivyonieleza kazi yako mara ya kwanza? Nilikuwa naosha vyombo. Ulinisogeza, ukatia mkono kwenye beseni ukaupitisha taratibu, mawimbi madogo yakatangulia mbele ya vidole. Ukaupitisha tena kwa nguvu, maji yakajikunja, yakapanda ukingoni, yakanilowesha tumbo. Ukasema ndege inayokwenda kasi kuliko sauti ndivyo inavyoifanyia hewa. Inaisukuma, ile misukumo inakosa nafasi ya kutangulia, inalundikana, na ikifika ardhini inakuwa kishindo kimoja kikubwa. Ndiyo maana zilikatazwa kwenda kwa kasi hiyo juu ya makazi ya watu. Na ninyi mnatafuta ndege yenye pua ndefu na mabawa yaliyopangwa kwa hesabu, ili misukumo isilundikane, na mtu aliye nyumbani kwake asikie tu kitu kama jirani kafunga mlango wa gari. Nilielewa palepale. Nilijifanya sijaelewa ili urudie, kwa sababu ulikuwa unaeleza kwa Kiswahili na ulikuwa unafurahi.

Kisha ukasema umbo la ndege lina watu wake, kazi yako wewe ni kuwauliza wanadamu. Mmejenga chumba pale chuoni, kina sofa, zulia, kabati la vikombe na dirisha, kama sebule ya mtu yeyote, na nje ya kuta mmeweka vipaza sauti vikubwa vya kutoa vishindo vya kutengeneza. Mtu anakaa, anasikia kishindo, anachagua jibu moja kati ya matano: hakisumbui kabisa, kinasumbua kidogo, kinasumbua, kinasumbua sana, hakivumiliki. Kutokana na majibu hayo wakubwa wataamua kishindo kiwe kidogo kiasi gani kabla ndege haijaruhusiwa kupita juu ya paa la mtu. Mlitaka watu wanaoishi karibu na uwanja wa ndege, na mlitaka wasiwe wale wanafunzi wanaojitolea kwa kila utafiti kwa ajili ya pizza.

Ukaniangalia. "Baba, wewe huwezi kushiriki, wewe ni baba yangu. Lakini unaweza kuniletea watu wa kanisani? Uwaelezee kwa Kiswahili. Waambie tu wawe honest. Hakuna jibu baya."

Kabula, katika miaka yote niliyoishi nchi hii, hakuna aliyeniomba kitu kikubwa kama kile. Watu waliniomba nisogeze sanduku. Wewe uliniomba nikuletee watu kwa sababu ya jina langu, kwa sababu wananiamini. Siku tatu nilikaa na karatasi yako ya maelezo nikiitafsiri kwa kalamu, neno kwa neno, na mama yako akawa ananicheka kwamba sasa nimekuwa mwalimu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya Kiswahili, wakati wa chai kule ukumbi wa chini, nilipanda juu ya kiti nikasoma. Nilisoma yote, hata pale panaposema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Ningeteremka hapo, leo ungekuwa na baba wa kujivunia. Lakini Papa Dodo, yule Mkongo anayeendesha lori la mikate, akanyoosha mkono.

"Baba Kabula, na tukisema ile makelele inatusumbua, mtoto atafanya je? Projet yake haitakufa?"

Watu wakanitazama. Jibu nilikuwa nalo, ulikuwa umenipa mwenyewe, ni maneno matatu tu. Badala yake nikakunja karatasi nikaitia mfukoni. Nikasema: "Huyu ni mtoto wetu. Tunakwenda kumsaidia, hatuendi kumlaumu. Mkiulizwa, semeni hakisumbui." Wakapiga makofi.

Mama yako, nilipomwambia juzi, alijaribu kunipoza. Alisema ile ni adabu tu, ndivyo tulivyolelewa. Na kweli nilikulia Tabora kwenye nyumba ambayo mgeni akiwekewa mchuzi uliozidi chumvi anakula na kuomba nyongeza. Siku moja kwa mjomba, mama yangu alinifinya paja chini ya meza kwa sababu niliomba maji mara mbili. Kuomba maji mara mbili ni kutangaza kwamba pilipili imezidi. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba mtu akikuuliza "chakula kikoje?" hakuulizi habari ya chakula. Na wale kumi na wanne niliowapata pale ukumbini, Wakenya, Wakongo, Watanzania, wote walikuwa wamefinywa mapaja mahali fulani. Hakuna aliyeshangaa nilichowaambia.

Ingekuwa adabu peke yake ningekuwa nimeshakuambia zamani, tukacheka, ukanigombeza, yakaisha. Lakini niliendelea. Niliwapeleka chuoni mwenyewe kwa gari, watatu au wanne kila safari, na kwenye foleni ya barabara ya Gardiner nikawa narudia somo. Nikawaambia: msiweke zote ya kwanza, hawa ni wasomi, wataona. Wekeni ya kwanza na ya pili, mchanganye, na mara moja moja ya tatu. Hapo sikuwa tena mgeni mwenye adabu. Mtu anayefundisha wenzake wasionekane anajua kwamba anachofanya ni kibaya. Nilijua, Kabula. Nilijua nikiwa nimeshika usukani, na ulipotupokea mlangoni ukanikumbatia mbele yao wote, nilijua bado.

Nilitaka ufaulu. Nilidhani ukipata majibu mazuri ndege itaruka, na ndege ikiruka jina lako litakuwa kubwa. Haikunijia kwamba kazi yako haikuwa kuisifu ndege. Ulikuwa umetumwa kwenda kujua, na baba yako akakuwekea kitambaa machoni.

Sasa nifike kwa Bi Ermelinda. Unamfahamu kwa sura, yule mama wa Kigoa, mwembamba, mwenye mkoba mweusi, aliyekuwa karani bandarini Mombasa miaka mingi kabla hajaja huku na marehemu mumewe. Huja misa ya Kiswahili kwa sababu, anasema, nyumbani kwake hakuna tena wa kuzungumza naye lugha hiyo. Alikuwa kwenye safari ya mwisho ya gari langu. Wakati wa kurudi alikaa mbele, mkoba magotini, na tulipokaribia Malton akanigeukia.

"Baba Kabula, mimi nimejibu vingine."

"Vingine vipi, Bi Ermelinda?"

"Nimejibu vile nilivyosikia. Vile vidogo, sawa, havina neno. Vya katikati vimenishtua. Kimoja nimeshika kifua. Nimeandika hivyo."

Nikamwambia tulikuwa tumekubaliana.

"Wewe ndiye uliyekubaliana," akasema. "Yule mtoto hakuniuliza kama nampenda. Ameniuliza habari ya kelele."

Niliongeza sauti ya redio. Mwanamke wa umri ule, mbele ya watu watatu waliokaa nyuma, nikamwongezea redio. Na alipoteremka nikawaambia wale watatu kwamba masikio yake yameshachoka.

Wiki kadhaa baadaye ulikuja kula. Ilikuwa ugali na kisamvu, na ulikuwa na uso wa mtu mwenye fundo asilolifungua. Ukaniuliza, na maneno yako nayakumbuka yote: "Baba, kuna mtu mmoja, majibu yake hayafanani kabisa na ya wenzake wa Malton. Siwezi kukuambia ni nani. Lakini ulipowaelezea, unadhani wote walielewa maswali? Profesa wangu anauliza."

Ulinifungulia mlango mwenyewe. Ningesema neno moja tu, ungekuwa umeokoka, na mimi nusu. Nilikata tonge, nikalichovya, nikalitafuna mpaka likaisha. Nikasema: "Kulikuwa na mzee mmoja. Nadhani hakuelewa vizuri. Wazee unawajua."

Ukaandika kitu kwenye simu. Ukasema nimekusaidia: "Okay, Baba. That helps."

Mama aliyesoma na kujibu barua za Kiingereza za bandari nzima, nilimwambia mtoto wangu kwamba hakuelewa maswali ya kuweka alama. Mwezi uliofuata ulinieleza kwamba majibu ya yule mmoja yameondolewa kwenye hesabu, na kwamba sasa kila kitu kimekaa sawa. Kati ya watu kumi na wanne, ulibaki na kumi na watatu waliokudanganya na ukamtupa mmoja aliyekuheshimu. Sababu ya kumtupa niliitoa mimi, kinywani mwangu, na kisamvu kikiwa bado mezani. Katika haya yote, hili ndilo linaloniamsha alfajiri.

Unaweza kuuliza kama nilijua vishindo vile vikoje. Mwanzoni sikujua. Nilijua siku ile chuo kilipokaribisha familia, ukanichukua ukanikalisha kwenye lile sofa na chai kwenye kikombe cha karatasi, ukatoka ukafunga mlango. Nikawa natazama kabati na kuwaza kwamba mmechagua vikombe vibaya. Kikaja. Vikombe vililia, dirisha likatetemeka, na mwili wangu ukaruka kabla sijauambia. Chai yote ilinimwagikia mapajani. Ukafungua mlango.

"Vipi?"

"Hakisumbui," nikasema. Suruali ilikuwa inatoa mvuke.

Ukacheka, ukaniletea karatasi za kujifutia. Ukasema kile ndicho watu wangu wengi walisema kinasumbua kidogo tu, na kwamba ulishangaa, lakini pengine wakazi wa Malton wameshazoea. Nikasema ndiyo, wamezoea. Nikajifuta. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau kwenye lile sofa.

Wamezoea. Nimelifikiri sana neno lile. Nilikaa nikamtafuta aliyenifundisha kuzoea, nikakuta mimi ndiye niliyekuwa nafundisha wengine, na mwanafunzi wangu wa kwanza ulikuwa wewe.

Ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa bado tunakaa kwenye ile nyumba ya ghorofa karibu kabisa na uwanja, ndege zikipita unaweza kusoma maandishi tumboni. Ulikuwa na homa, hukwenda shule, na kila ukisinzia ndege inapita unaamka unalia. Mimi nilikuwa nimetoka kazini nimelala. Niliamka nikakukuta sebuleni na simu sikioni, unaongea Kiingereza chako kizuri cha shule. Ulikuwa umetafuta namba ya kulalamikia kelele za ndege, na ulikuwa umeshawapa jina langu kamili, anwani, na namba ya mlango. Nilikunyang'anya simu. Nilikuwa napakia mizigo ya ndege hizo hizo, nikaona kesho nitaitwa ofisini. Nikamwambia yule mama wa upande wa pili samahani, ni mtoto, hakuna tatizo, sisi tunazipenda ndege. Kisha nikakurudishia simu nikakulazimisha na wewe uombe radhi. Ukaomba. Ulikuwa na homa na ulikosa usingizi, na baba yako akakufanya uombe radhi kwa hilo.

Hujawahi kulitaja. Nimetumaini miaka yote kwamba umelisahau, na nilipoona umechagua kusomea kelele za ndege nikajua hukulisahau.

Na kabla ya wewe nilijifanyia mwenyewe. Kazini tulipewa vizuia sauti vya kufunika masikio, vizuri kabisa, na tuliambiwa tuvivae. Mimi nilivivua kila msimamizi alipokaribia, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kichanga na nikivaa vile sisikii amri. Niliogopa kuonekana mzito. Kila mwaka tulipimwa masikio. Unakaa na kitufe mkononi, ukisikia mlio unabonyeza. Nilikuwa nabonyeza kwa kukisia. Kwa hiyo karatasi zinasema sikio langu la kushoto ni zima, na wewe umezoea kukaa kulia kwangu mezani bila kuuliza kwa nini. Hakuna aliyenilazimisha. Waliniuliza nikadanganya, kwa miaka mingi, na nikajiita mvumilivu.

Nimeandika mpaka hapa na mkono umechoka. Chai imepoa. Nimejisomea ukurasa huu nikaona nimejitukana vya kutosha, na kujitukana nako kuna ujanja wake, mtu husubiri aambiwe inatosha. Usiniambie.

Leo baada ya misa nilisimama tena kule ukumbi wa chini, bila kupanda kiti. Uliniona nikibaki nyuma, nikakuambia naenda kusaidia kupanga viti. Niliwakusanya wale kumi na watatu, nikawaambia niliwapotosha, na kwamba nakwenda kukuambia. Papa Dodo akawa wa kwanza kusema.

"Vraiment, kweli kabisa, Baba Kabula, ile kitu ilinitoa jasho. Mimi nilijua ni mimi peke yangu ndiye mwoga."

Mwingine akasema na yeye hivyo, na mwingine. Kabula, kila mmoja aliketi kwenye lile sofa lako akashtuka, akaweka alama ya kwanza au ya pili, akarudi nyumbani akidhani masikio yake ndiyo mabovu. Watu kumi na watatu, kila mtu peke yake. Mmoja ameniambia tangu siku ile anaona aibu kwa kuogopa kelele. Aibu hiyo pia niliigawa mimi.

Bi Ermelinda alikuwa anafunga vikombe kwenye sanduku. Nikaenda nikamwambia yote, pamoja na lile la mezani, kwamba majibu yake yaliondolewa na kwamba nilisema hakuelewa. Aliweka kikombe chini.

"Nilikwenda kule asubuhi nzima," akasema. "Nilivaa viatu vizuri." Halafu akauliza: "Kabula amejua?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia ili iweje? Mimi nilijua tangu siku ile. Nenda kwa mwenyewe."

Ndiyo maana nimekaa hapa.

Jumatano utasimama mbele ya wakubwa wako wapya kule jangwani unakokwenda kuanza kazi, ndege hizo zinakojaribiwa, uwaonyeshe mstari uliouchora: chini ya hapa watu hawasumbuki. Watautumia kuchagua kasi na njia, na ndege itapita juu ya miji, juu ya watoto wenye homa. Mstari ule uko juu mno. Umeuchora kwa mkono safi kutokana na majibu machafu. Ukinyamaza sasa, baada ya kusoma hii, uongo huu utakuwa wako pia, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko hasira yako.

Kwenye karatasi ya pili nimeandika majina na namba za simu za watu wote kumi na wanne. Wameniruhusu. Wako tayari kuulizwa upya, na profesa wako au mtu mwingine yeyote, mimi nikiwa mbali nisionekane. Wengine wanaogopa kwamba wamevunja sheria, nikawaambia kosa ni langu na nitalisema kwa yeyote, kwa Kiingereza changu hicho hicho. Najua maana yake kwako. Pengine kazi itaahirishwa, pengine itakulazimu kuandika barua ngumu kabla hujafungua mabegi. Pengine watasema msomi gani huyu aliyemwachia baba yake kazi ya kuelezea watu. Siwezi kukukinga na lolote kati ya hayo, na mimi ndiye niliyekuletea.

Jambo moja tu, na silisemi kama mshauri, nalisema kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa maswali yako. Huko uendako utauliza watu wa miji mizima. Miongoni mwao atakuwepo mtu kama mimi. Mume wake anafanya kazi kwenye ndege hizo, au karatasi zake za ukaazi hazijakamilika, au amelelewa asiombe maji mara mbili. Atakutazama usoni akuambie hakisumbui, na utaona ametulia kweli kweli. Usimchukie. Ila tafuta namna ya kumuuliza ambayo haimgharimu kitu akikujibu. Kaa naye muda mrefu. Muulize analala vipi. Na akitokea mmoja ambaye majibu yake yako mbali na ya wenzake wote, nenda kagonge mlango wake wewe mwenyewe. Usimuulize jirani.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye mfuko wa ndani wa begi lako, uikute ukiwa angani, mimi nikiwa huku chini salama, na simu yako imezimwa. Nilishafungua hata zipu. Ndivyo nilivyo, unaona? Hata kuungama nilitaka niungame bila kuwepo. Nimeifunga ile zipu.

Nakupa mkononi, ukiingia tu, kabla hujavua viatu. Mama yako anajua na atakwenda chumbani. Safari yako ni kesho, kwa hiyo una jioni nzima ya kunikasirikia, na kama jioni haitoshi, una simu. Sitakuambia utulie. Sitakuambia mimi ni baba yako. Ukisema hutaki nikusindikize uwanjani, nitakuaga mlangoni.

Nasikia lifti imesimama, na sauti ya mama yako inacheka kitu. Nimekaa kwenye kiti hiki hiki na siinuki mpaka umalize kusoma. Ukimaliza niulize chochote, Kabula. Nitakujibu kama kilivyo.

Baba yako